Mimina Ukijua: Vitu Kumi vya Nyumbani na Choo cha Rahaleo

Nyumba za Rahaleo, Mtwara, zina uani, uani kuna choo, na choo kina washauri. Mpangaji wa chumba cha mbele anasema chumvi. Wa chumba cha nyuma anaapia hamira. Fundi bomba kasema kostiki, na mama mwenye nyumba ana galoni la mafuta ya taa ambalo hamwonyeshi mtu. Wote wanataka jambo lile lile: harufu iishe, mende wahame, shimo lisijae kabla korosho hazijauzwa.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipita redioni nchi nzima. Watu walikaa kwenye vikundi wakasikiliza, wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Kuchimba tulifundishwa vizuri. Kutunza ndiko kunakotugombanisha, kwa hiyo leo tunahesabu kutoka kumi hadi moja: kumi ni wa kuogopwa, moja ndiye bingwa.

Kwanza tujue kilichomo chini. Shimo la choo cha kumwagia maji lina matabaka matatu: tope zito chini, maji katikati, utando wa mafuta na mapovu juu. Ndani yake wanaishi vijidudu wasiohitaji hewa. Hao ni wapangaji wako wa bure. Wanakula uchafu usiku na mchana, tope linapungua, na maji yanatoka kwenda shimo la pili, lile mafundi wanaloliita sokopiti, yakanywewe na mchanga. Basi kila kitu hapa kinaulizwa maswali mawili: kinawaua wapangaji hao au kinawaacha wafanye kazi? Na kikishuka kitafika wapi? Mji wetu umekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, na bahari iko jirani. Cha Rahaleo hakikai Rahaleo.

10. Maji ya betri na kostiki soda

Tuanze na wakali. Maji ya betri ni asidi ya salfa, na asidi haichagui: inakula uchafu, inakula saruji, inakula na mkono wa aliyemimina. Kuta za shimo zinamomonyoka kwa ndani ambako hakuna anayeona, mpaka siku sakafu inapotitia. Kostiki nayo ina kazi ya heshima kwa akina mama wanaotengeneza sabuni, maana wanaijua na wanaipima. Ikikutana na maji ndani ya bomba lililoziba huchemka, hulegeza bomba la plastiki, na ikirudi juu hurudi usoni. Bomba likiziba, tumia mpira wa kuzibulia au waya mrefu wa fundi. Kama ulishamimina kemikali kabla fundi hajafika, mwambie kabla hajainama.

Kijembe: Ukitaka kubomoa choo, nyundo ni nafuu na haichomi macho.

9. Mafuta ya taa

Wazee hawakusema uongo: utando wa mafuta juu ya maji huwanyima hewa viluwiluwi vya mbu. Lakini mafuta hupotea, mbu hurudi, na kinachopenya mchangani kinaelekea kisimani. Juu ya hayo, shimo lina gesi inayowaka, na siku zote yupo mvutaji anayeingia na kiberiti.

Mbu wa shimoni si wa kudharauliwa. Kyuleksi, anayependa maji machafu na kuuma usiku, ndiye anayeeneza minyoo ya matende na mabusha, maradhi yaliyokaa pwani yetu vizazi na vizazi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walikwenda Makunduchi, Unguja, wakamwaga kwenye mashimo yenye maji chembe nyeupe za plastiki nyepesi, zile za kufungashia televisheni. Zikaelea zikatanda, mbu wakakosa pa kuzalia, na wanakijiji wakapewa dawa ya minyoo. Mbu walipungua mno. Somo kwa uani kwetu ni kufunika: mfuniko kwenye tundu, wavu kwenye bomba la hewa, saruji kwenye kila ufa wa chemba.

Kijembe: Mafuta ya taa rudisha jikoni, mbu mpe mfuniko.

8. Hamira

Wapenzi wa hamira, kaeni vizuri. Hamira inapenda sukari na wanga. Kinyesi si unga wa ngano. Vijidudu wanaotakiwa tunawapeleka wenyewe kila tunapokwenda haja. Mfaransa Jean-Louis Mouras wa mji wa Vesoul, aliyepata hataza ya tangi lake la choo mwaka 1881, aliliacha tangi limefungwa miaka kadhaa. Lilipofunguliwa, tope lilikuwa dogo sana kuliko vilivyoingia. Kazi yote hiyo ilifanywa na vijidudu waliokuja na choo chenyewe.

Kijembe: Hamira ipeleke kwenye maandazi, asubuhi tutakuja kuionja.

7. Chumvi

Chumvi imepewa sifa ya kula uchafu. Kijiko kimoja hakifanyi lolote ndani ya shimo la maelfu ya lita. Gunia ni habari nyingine: chumvi nyingi hunyonya maji kutoka miilini mwa vijidudu, wapangaji wanakufa, tope linabaki pale pale. Chumvi ya mawe ina faida moja chooni, nayo ni kusugulia madoa ya bakuli. Hapo itumie bila woga, kiganja kimoja kinatosha.

Kijembe: Shimo halijawahi kulalamika kwamba chakula ni chapwa.

6. Jiki

Hapa tutulie, maana jiki ni rafiki mwenye masharti. Kwenye sakafu na kiti cha choo, kidogo kilichochanganywa na maji kinaua wadudu wa maradhi. Chupa nzima ikimwagwa shimoni inaua na wale wanaokufanyia kazi.

Sharti la pili ni zito zaidi: jiki isikutane na siki, ndimu, asidi ya choo wala dawa nyingine ya kusafishia. Ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na chooni dirisha ni dogo. Mkojo uliolala nao hutoa gesi inayowasha macho na kifua, kwa hiyo mwaga maji kwanza, ndipo ushike chupa.

Mahali jiki inapong'aa ni kwenye simtanki. Tangi la lita 1,000 likishasuguliwa na kusuuzwa, lijaze maji, tia jiki isiyo na manukato ya asilimia 3.5 kiasi cha lita moja na nusu, funga koki, liache saa 24. Watangazie wapangaji wote kwamba maji hayo hayanywewi. Kisha yamwage kidogo kidogo mahali pasipo na mimea, usuuze tangi, ujaze upya. Usiyaelekeze chooni: lita 1,000 kwa mkupuo zitalikoroga tope lote na kulisukuma kwenye sokopiti.

Kijembe: Jiki na ndimu wote wazuri, lakini wasipange chumba kimoja.

5. Majivu

Kwa choo cha shimo kikavu, majivu ni mali. Kopo moja kila baada ya haja hukausha, hupunguza harufu na huwakosesha nzi pa kutua. Hakikisha yamepoa, yasiwe na kaa hata moja. Kwa choo cha maji, mambo yanageuka: majivu huzama, huungana na tope, na shimo hujaa mapema. Kwa hiyo alama za majivu zinategemea choo chako. Jirani mwenye choo kikavu akikusifia majivu, anasema kweli. Ni kweli ya kwake.

Kijembe: Kabla hujaiga dawa ya jirani, kachungulie choo cha jirani.

4. Magadi na maji ya moto

Uchafu mwingine wa shimo hauanzii chooni. Unaanzia kwenye karo la vyombo, pale mafuta ya kukaangia samaki na mabaki ya mchuzi wa nazi yanaposhuka kwenye bomba, yakapoa, yakaganda. Vijiko viwili vya magadi ndani ya jagi la maji ya moto, yasiyotokota ili bomba la plastiki lisilegee, hulainisha mafuta hayo na kuyasogeza. Fanya hivyo mara moja kwa wiki. Ila kinga ni bora: futa kikaango kwa gazeti kabla ya kukiosha, weka wavu kwenye tundu la karo, machicha ya nazi wape kuku, maganda ya ming'oko yapeleke shambani.

Kijembe: Kuku wa nyumba hii wanalala njaa huku bomba limeshiba machicha!

3. Siki na ndimu

Maji yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe hubeba chokaa, na chokaa hiyo hujenga ukoko mgumu ndani ya bakuli la choo. Ukoko hushika mkojo, mkojo huleta harufu, na harufu huleta wageni wanaoaga mapema. Siki ndiyo dawa yake. Mimina usiku watu wakishalala, acha hadi alfajiri, sugua. Ndimu zilizokauka ambazo hazina tena kazi jikoni zinafaa vilevile, na tembo la mnazi lililochacha likageuka siki halihitaji kwenda dukani. Kiasi cha kikombe hakiwadhuru vijidudu wa shimoni. Epusha sakafu ya saruji, kwani asidi hata iwe ya kistaarabu hivi huilamba.

Kijembe: Ndimu imekausha shombo ya pweza, harufu ya bakuli itaishinda nini?

2. Sabuni ya mche, brashi na ufagio wa chelewa

Mshindi wa pili hana tangazo redioni. Kipande cha sabuni ya mche kikiyeyushwa kwenye ndoo, brashi ya bakuli, ufagio wa chelewa wa sakafu, na mkono wenye nia. Sabuni kidogo haiwasumbui wapangaji wa shimoni, na kusugua kunaondoa kile ambacho manukato yanakificha tu. Sabuni ya unga ipunguze: mapovu mengi na unga usioyeyuka huishia kwenye tope. Na iwepo zamu. Choo kinachosafishwa na kila mtu kwa maneno hakisafishwi na yeyote. Bandikeni majina mlangoni, na jina la baba mwenye nyumba liwe la kwanza.

Kijembe: Zamu yako haihami kwa sababu umenunua marashi.

1. Maji

Bingwa ni maji. Wenzetu Marekani wanaosafiri na nyumba za magurudumu hubeba tangi la choo chini ya sakafu, nao wana washauri wao. Wapo wanaotia vipande vya barafu wakiamini vitasugua tangi gari likiyumba barabarani. Barafu huyeyuka, na maji yake ndiyo yanayosaidia. Uchafu usiopata maji hukauka, hurundikana, hugoma kutoka, iwe kwenye tangi la gari huko Arizona au kwenye bomba la uani huku Rahaleo.

Mwagia kila baada ya haja, lita mbili au tatu kwa kata, kwa nguvu na kwa shabaha. Maji ya kufulia yaliyosuuzia nguo yanafaa kabisa, na siku ya mgao wa maji yatakuokoa. Usizidishe tu: mafuriko ya maji husukuma tope kwenye sokopiti na kuliziba.

Kijembe: Bingwa yuko kwenye ndoo, na bado mnamtafuta dukani.

Sasa neno la hukumu. Katika hivi kumi hakuna hata kimoja kinachoondoa haja ya kunyonya shimo. Wapangaji wa chini wanapunguza tope, hawalimalizi. Kwa familia ya kawaida shimo huhitaji gari la majitaka kila baada ya miaka 3 hadi 5, na nyumba yenye wapangaji wengi mapema zaidi. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, kwa hiyo liiteni wakati wa kiangazi, barabara ikiwa kavu. Ulizeni mamlaka ya maji, MTUWASA, au Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Mwenye nyumba na wapangaji wachangie, maana wote wanakitumia.

Usitapishe choo mvua ikinyesha. Uchafu huo unapita mlangoni kwa watoto, unashuka hadi ghuba ambako wenzetu wa Msangamkuu wanavua, na kipindupindu hakijui mpaka wa kata. Na usimshushe mtu shimoni, hata kwa dakika moja, hata kwa simu iliyodondoka. Gesi ya humo huua kabla mtu hajapiga kelele, na humuua na anayemfuata kumwokoa. Simu hununuliwa nyingine.