Mhusika ni Mimi

Jikoni kwangu, kati ya kalenda ya duka la dawa na picha ya harusi ya shemeji, kumebandikwa karatasi ya manila iliyoninyima raha mwaka mzima. Ni ratiba ya chama cha bustani. Ina safu nne: mwezi, shughuli, gharama na mhusika. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na ushee, nikiwaambia watoto wa watu kwamba mhusika mkuu ndiye anayepigwa na dunia tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kumbe najitabiria. Katika ile safu ya nne, "Mwalimu" imeandikwa mara saba.

Msidhani niliingia chamani kwa mapenzi ya maua. Sheria ya mwaka 2022 ya kusajili vikundi vya jamii inataka watu wasiopungua kumi, na hao wapenda bustani wa Ukunda walikuwa tisa. Wakamtafuta wa kumi kila mahali, mpaka mke wangu akawaambia, "Kuna mmoja kwangu, hana kazi, anashinda barazani kuhesabu bodaboda." Nilirudi kutoka sala ya alasiri nikakuta kiingilio kimeshalipwa, na kitambulisho changu kimeshatolewa kopi.

Mwenyekiti wetu ni mama wa heshima zake, aliyestaafu Nairobi akaja kutafuta joto. Amekuja na kitabu kinachoitwa Gardening in East Africa, kilichohaririwa na daktari mmoja, A. J. Jex-Blake, kikatoka 1934. Sina ugomvi na kitabu. Ni kizuri, kina picha. Lakini kiliandikwa na watu ambao asubuhi walivaa sweta ili wakatazame waridi zao. Sisi huku asubuhi tunavua hata fulana. Ratiba yetu, kwa hivyo, imeshonwa kwa vipimo vya mtu wa bara, na aliyevalishwa ni mimi.

Januari: kuchimba mashimo ya waridi. Mhusika: Mwalimu.

Januari huku ni kaskazi. Upepo mkavu, jua la kukaanga mhogo bila mafuta. Tena ukanda huu wote wa Diani umekaa juu ya matumbawe ya kale, bahari ya zamani iliyogeuka jiwe. Juu kuna udongo kiasi cha kumdanganya mgeni. Nilitia jembe mara ya kwanza likaingia, nikafurahi. Mara ya pili likalia kama kengele ya shule. Nikaazima mtaimbo. Siku ya tatu nilikuwa na shimo moja la futi mbili na mgongo uliokataa kunyooka. Jirani yangu fundi wa kujenga akachungulia juu ya ua, akauliza kwa upole, "Mwalimu, choo hicho, au kisima?"

Waridi zikapandwa. Zikamwagiliwa maji ya kisima, na wenye visima vilivyo karibu na bahari wanajua: ukiyapikia chai, huna haja ya chumvi kwenye yai. Zikafa moja baada ya nyingine, kwa foleni, bila kusukumana. Katibu akaandika katika kumbukumbu za kikao: "Waridi zinaendelea kuzoea mazingira."

Nitamsema Katibu sasa hivi, kabla sijasahau. Kijana yule ana ugonjwa wa karatasi. Kila kikao kina kumbukumbu za kurasa nne, nakala kumi, na kila nakala lazima isomwe kwa sauti. Karatasi zikatujaa majumbani. Ahueni ilitoka kwa mke wangu. Tangu ile marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017, yenye faini ya shilingi milioni mbili hadi nne, mweka hazina wetu akiona chochote cha plastiki humwenda mbio moyo. Hata viriba vya miche hataki kusikia. Kama vimo katika katazo au havimo, yeye hakai kungoja aelezwe. Basi mke wangu akaanza kukunja kumbukumbu za vikao kuzunguka chupa, anabana kitako, anajaza udongo, anatia mche. Kiriba cha bure, na ukikifukia chote ardhini kinaoza chenyewe. Ni mara ya kwanza nimeona kumbukumbu za kikao zikileta matokeo.

Ramadhani nayo haimo katika ratiba, kwa kuwa haikai mwezi mmoja. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, na manila haina miguu ya kuifuata. Lakini ndio mwezi mzuri wa chama. Mkutano ulioitishwa saa tisa ulikwisha saa tisa na robo. Ajenda zote sita zilipita. Nikatambua kwamba siku nyingine tunakaa saa tatu si kwa ajili ya mbolea, bali kwa ajili ya mahamri, mbaazi na viazi karai. Nilitaka kulisema hili kikaoni, ila Idi ilikuwa karibu na kamati ya biriani ilishaundwa.

Mei: kumwagilia miche asubuhi na jioni. Mhusika: Mwalimu.

Mei, ndugu zangu! Mei ni masika. Mei barabara za Ukunda zinageuka vidimbwi, na chura wanasoma taarifa ya habari usiku kucha. Nilimwambia Mwenyekiti, "Mama, mvua inanyesha." Akanijibu, "Mwalimu, mvua si mwanachama." Nikasimama na mpira wa maji mkononi, mwavuli mkono wa pili, nikimwagilia mche uliokuwa unaogelea. Bodaboda mmoja akapunguza mwendo, akanitazama, akaondoka polepole kama mtu aliyetoka kumpa mwenziwe pole ya msiba.

Ndipo nikaenda kumtafuta mzee mmoja wa Gazi, jamaa wa mke wangu, ambaye shambani kwake hakuna ratiba wala manila, na kila kitu kinaota. Akanicheka. "Mwanangu, mwaka wa shamba hauanzi Januari. Unaanza Nairuzi, halafu unahesabu makumi." Akanihesabia miongo kwa vidole: siku kumi, na kumi nyingine, na nyingine, kila kumi na kazi yake. Wakulima na mabaharia wa pwani walitumia hesabu hiyo moja, wa jembe ajue lini atapanda, wa jahazi ajue lini atatweka. Kisha akaongeza kwamba Wamijikenda zamani walikuwa na juma la siku nne, na siku moja katika hizo nne hakuna kutia jembe ardhini. Hapo nikaketi vizuri. Mapumziko kila baada ya siku tatu! Na babu zangu ndio walionitungia, mimi nakufa na mtaimbo.

"Na hayo mawaridi," akasema nikiaga, "ya nini? Panda asumini. Inajua kwao." Akanikatia vipande vitatu.

Nilipeleka hoja zote mbili kikaoni, miongo na juma la siku nne. Mwenyekiti akasema zitaingia katika mengineyo. Wenye uzoefu wa vikao mnajua mengineyo ni mahali gani: ni pale fikra njema hupelekwa kulala wakati watu wanatafuta viatu vyao.

Kusi likaanza kuvuma, nasi tukaingia msimu wa safari za mafunzo. Hapa sitasema uongo, nilifaidika, ingawa nilipoteza kiatu.

Kiatu kilibaki Gazi, kwenye tope la mikoko. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wana mradi wao, Mikoko Pamoja, ulioanza 2013. Wanalinda hekta 117 za mikoko, na kwa kuwa mikoko inameza hewa ukaa na kuizika topeni, wako watu ng'ambo wanaoilipia kazi hiyo, na fedha zikaingia kwenye maji ya bomba na mahitaji ya shule. Yaani mti unalipwa kwa kusimama tu. Mimi nilisimama darasani miaka thelathini na pensheni yangu haijawahi kunipa fahari ya namna hiyo. Lakini kilichonikaa zaidi ni jinsi mkoko unavyozaa. Tunda linachipua likiwa bado juu mtini, linarefuka kama mshumaa, likikomaa linaachia, na maji yakiwa yamekupwa linajichoma lenyewe topeni, wima. Hakuna shimo. Hakuna mtaimbo. Nilimtazama Mwenyekiti, naye akatazama bahari.

Safari ya pili ilikuwa Kaya Kinondo, hapa hapa chini ya Diani. Ni mmoja wa misitu ya kaya iliyotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, unaingia kwa adabu, na unaambiwa masharti: usivunje tawi, usiokote kitu, ulichokikuta kiache. Katibu, mkono haumtulii, akainama achukue mbegu. Mwenyeji wetu akakohoa mara moja tu. Katibu akairudisha mbegu, akaigeuza ilale vile ilivyokuwa.

Nikasimama chini ya mti ambao sisi kumi tukishikana mikono sijui kama tungeuzunguka, nikafikiri. Hii ndiyo bustani kongwe kuliko zote Kusini, na ratiba yake yote ni makatazo. Sisi chamani tuna shughuli kumi na mbili kwa mwaka, na tulichonacho ni mashimo. Huenda bustani yetu haikukosa mtu wa kuifanyia kazi. Ilikosa mtu wa kutukoholea.

Septemba: mashindano ya bustani za nyumbani. Mhusika wa kudhibiti wanyama: Mwalimu.

Diani unaishi na tumbili kama unavyoishi na mashemeji: wanakuja bila taarifa na wanajua sufuria iko wapi. Nilikuwa na mpapai wenye tunda moja kubwa ambalo nililisubiri kama mshahara. Nikatengeneza sanamu, nikaivika koti langu la kufundishia na kofia. Ilifanana nami kiasi kwamba mke wangu aliiita mara mbili, "Baba watoto, chai inapoa!" akakasirika haijibu. Wa kwanza kugundua ukweli ni tumbili. Asubuhi ya mashindano nilimkuta ameketi kwenye bega la sanamu, anakula papai langu, mbegu anazitemea mfuko wa koti.

Katika kumbukumbu Katibu akamwandikia kosa mbega. Nilipinga. Mbega ni mla majani, ana shungi nyeupe mabegani kama mzee wa baraza, na haya zake nyingi; hana habari na papai la mtu. Hao wana watetezi wao Diani tangu 1997, na wamefungiwa ngazi za kamba juu ya barabara ili wavuke bila kugongwa na magari. Mbega wana daraja lao. Sisi tukienda Mombasa kwa Likoni bado tunasubiri feri.

Vuli ilipofika ikawa zamu ya miti. Serikali ilitoa siku ya mapumziko tarehe 13 Novemba 2023 ili nchi nzima ipande miche, milioni mia moja kwa siku hiyo, katika lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Chama kikalipenda jambo hilo, kikaifanya Novemba kuwa mwezi wa miti kila mwaka. Mwaka huu tulikwenda na miarobaini. Kila mwanachama akataka picha akipanda, na shimo tayari lilikuwa moja, mnajua nani alilichimba. Mche ule ukatiwa, ukapigwa picha, ukang'olewa, akaja mwingine. Ukipita kwenye simu zetu utahesabu miti kumi. Ukipita pale uwanjani utakuta mmoja, umechoka, na mbuzi kando yake anangoja tuondoke.

Hapo ndipo nikaandika barua ya kujiuzulu. Kurasa tatu za fulskapu, Kiswahili sanifu, methali mbili, hakuna tusi hata moja. Nikaiweka juu ya meza ya kulia niipeleke mkutano mkuu wa Desemba, nikaenda kulala usingizi ambao sikuupata tangu Januari.

Asubuhi barua haipo. Mke wangu naye hayupo, ametangulia mkutanoni na beseni la miche. Nikafuata mbio, nikiikariri njiani, aya ya kwanza hadi hitimisho. Nilipofika, Mwenyekiti alikuwa amesimama, ameshika kiriba cha karatasi mkononi, anakizungusha polepole anasoma mwandiko wangu. Juu yake kipande cha asumini cha yule mzee wa Gazi kilikuwa kimesimama, kimetoa vijani viwili.

"Mwalimu," akasema, "barua yako tumeipokea. Imeshachipua."

Watu wakapiga makofi. Katibu akafungua manila mpya ya mwaka ujao, akaandika Januari: kumwagilia asumini. Sikuhitaji kuinamia safu ya nne.