Kangaja wa Chang'ombe

Si hapo zamani za kale. Ni juzi tu, watu wa Dodoma walipokwisha kuizoea treni ya umeme. Bwana mmoja wa Chang'ombe, aliyehama na ofisi yake kutoka pwani, aliona usingizi haumjii bila bahari. Na kwa kuwa bahari haipandi mita 1,100 kumfuata mtumishi, akaipika mwenyewe sebuleni: tangi la kioo la lita 400, kilo 14 za chumvi, mawe ya matumbawe, pampu na taa. Ukoga wa kijani ulipoanza kutambaa juu ya mawe, akaagiza wa kuufyeka. Akaletewa samaki, kangaja.

Kangaja alishuka na mavazi ya sherehe: mwili wa buluu, uso mweusi, pezi la mgongoni la njano. Kwenye shina la mkia, kila upande, alikuwa na wembe mmoja uliokunjwa kama kisu alani. Wavuvi wa pwani wanaujua, umewachana viganja.

Mjusi kafiri, mwenyeji wa ukuta ule, aliteremka kumlaki.

"Mbukwa, mgeni. Hapa ndipo Idodomya, tembo alipodidimia. Wewe tunashukuru unaelea."

Kangaja hakuitika. Alikuwa anapima. Alilizunguka jiwe kubwa mara saba, kisha akatangaza: "Kuanzia jiwe hili mpaka kona ile ni eneo langu."

"Na konokono waliokutangulia?"

"Wavamizi."

Wiki ya kwanza alichapa kazi. Alikwangua mawe yakabaki meupe kama meno ya mtoto. Bwana akafurahi, akamwongezea posho: kipande cha mwani mkavu, kimebanwa kwa kibanio ukutani mwa tangi.

Jioni moja taa za sebuleni zilizimwa, ya tangi ikabaki. Kioo cha kuonea ndani kikawa kioo cha kujitazamia. Kangaja akageuka, akakutana uso kwa uso na kangaja mwingine: kimo kilekile, buluu ileile, wembe uleule.

"Huyu ametumwa kuchukua nafasi yangu!"

Akamvaa. Adui naye akaja mbio zilezile. Wakapigana mpaka taa ikazimwa, na kesho yake wakaendelea. Ukoga ukarudi juu ya mawe. Mwani ukalowa kwenye kibanio, ukachanika, ukaoza.

Punda alikuwa akileta madumu ya maji baridi kila siku ya pili, maana ukavu wa Dodoma hunywa maji ya tangi na kuiacha chumvi palepale. Alichungulia dirishani.

"Mbona yule anapiga kioo kichwa?"

"Analinda malisho," akajibu Mjusi.

"Mbona hali?"

"Hana nafasi. Analinda."

Tusimwonee. Baharini alikuwa na hoja: jiwe lenye mwani likikosa mlinzi, kundi linapita na kulinyoa mara moja. Ila humu chakula huletwa na mkono wa Bwana, na Kangaja bado anahesabu mipaka ya baharini.

Bwana akadhani kazi imemwelemea mtumishi wake. Akamletea msaidizi, kangaja mdogo. Kabla ya adhuhuri msaidizi alikuwa na mapezi kama khanga kuukuu, amejibanza nyuma ya pampu.

Ikabidi aitwe fundi. Fundi hakumpiga mtu wala kumfukuza mtu. Alimtia Kangaja mkubwa ndani ya kikapu chenye matundu, kikaning'inizwa humohumo tangini. Akabandika karatasi nje ya kioo, adui akatoweka. Kisha akayatoa mawe yote na kuyapanga upya: la kushoto kulia, la juu chini. Msaidizi akapewa siku kadhaa za kuzoea.

Kangaja alipofunguliwa alitoka kifua mbele, akaenda moja kwa moja penye jiwe lake. Palikuwa na mchanga. Ramani yote aliibeba kichwani, na kichwani jiwe lilikuwa kushoto. Akazubaa. Katika kuzubaa huko akahisi njaa, akainamisha mdomo, akala. Msaidizi naye akala, urefu wa mkono tu kutoka kwake.

"Fundi, wamepatana?" akauliza Bwana.

"Wamepotea njia tu," akajibu fundi, akikunja suruali yake iliyolowa. "Tangi hili ni dogo kwa mmoja, sembuse wawili. Wakishajua mtaa utaniita tena."

Mjusi, juu ukutani, alicheka mpaka mkia ukataka kukatika. "Watu wa pwani! Wanagombea mawe!"

Hapo mjusi mdogo akachomoza nyuma ya pazia, macho kwenye kumbikumbi walioizunguka taa. Mjusi akaacha kucheka, akamrukia. "Kuanzia swichi mpaka kona ile ni eneo langu!" Wakakimbizana ukuta mzima, mmoja akitoka, mwingine akirudi, na kumbikumbi wakaungua mmoja mmoja na kudondoka sakafuni.

Punda aliyaona yote kutoka dirishani.

"Leo umekula wangapi, ndugu yangu?"

"Sina nafasi," akahema Mjusi. "Nalinda."