Shajara ya Mtu wa Sauti

Jumatatu. Tumeanza kushuti filamu Sinza, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya kukodi. Mwongozaji ameomba kimya. Binadamu wametii, kunguru wamekataa. Hawa waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka. Taka bado zipo.

Jumanne. Mhusika mkuu amelia machozi ya kweli. Mwongozaji naye yakamlengalenga. Mimi, hedifoni masikioni, nikaona hakuna kazi nzuri kuliko hii. Ndipo ukapita mkokoteni wenye spika: dawa ya panya, mende, kunguni, chawa. Mwongozaji kauliza kama inafutika. Nimemjibu panya na mende wanatoka, ila kunguni yumo ndani ya "nakupenda". Tumerudia. Machozi ya pili yametoka kwenye chupa ya vipodozi.

Jumatano. Umeme umekatika. Jenereta tunayo. Inasikika.

Alhamisi. Onyesho la msiba. Turubai, mikeka, meza yenye daftari la rambirambi. Daftari ni pambo tu, lakini kufikia adhuhuri lilikuwa na majina ya majirani watatu na fedha zao. Bibi mmoja kajifunga khanga, kaingia analia kwa sauti, kakaa mkekani katikati ya waigizaji. Hakuna aliyethubutu kukata. Alipoambiwa hii ni filamu, akauliza: "Kwa hiyo hakuna marehemu?" Hakuna, bibi. "Basi poleni." Elfu mbili yake kakataa kurudishiwa, eti rambirambi hairudi. Meneja kaitumia kununulia maji ya kunywa.

Ijumaa. Tumesimama kwa adhana na swala. Katika mtaa huu, ndiyo sauti pekee inayofuata ratiba.

Jumamosi. Posho, wiki ijayo. Badala yake prodyuza ametukumbusha kuwa filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilifika tamasha la Toronto mwaka 2021, na sisi tutafika. Nilitembea na furaha hiyo mpaka kituo cha daladala. Konda hakuipokea kama nauli.

Jumapili. Mhariri kapiga simu: huyu mama anayelia nyuma ni nani, mbona anawafunika wote? Atafutwe, apewe sehemu yenye maneno. Nimetumwa mimi. Mjukuu wake kasema bibi yuko msibani Manzese, ila Jumanne ana nafasi.