Maporomoko ya Garissa: mwongozo kwa mgeni asiyeuliza

Hongera kwa uamuzi wako. Wenzako wa kikundi cha matembezi wameridhika na msitu wa Karura, ambako maporomoko yana kibao na njia iliyofagiliwa. Wewe umetaka msitu na maporomoko yasiyopigwa picha, ukachagua Garissa, tena mwisho wa Februari, kwa kuwa umesikia ndipo majira ya baridi yanapoisha. Hayo ni ya Ulaya. Huku Wasomali wanakiita kipindi hicho Jilaal: kiangazi kikali cha Januari hadi Machi kinachotangulia mvua za Gu, na joto la mchana hupita nyuzi 37 bila mwenyeji yeyote kulitaja. Koti la mvua liache nyumbani. Zile fimbo mbili za kutembelea njoo nazo, watoto watazifurahia.

Basi la kutoka Eastleigh litakupitisha Thika na Mwingi, na kwenye daraja la mto Tana utatakiwa kitambulisho hata kama umesinzia. Jibu la "nimekuja kutembea tu" huzaa maswali mengine matano, kwa hiyo jiandae. Siku ya kurudi utaulizwa tena, na kwa ukali zaidi. Wenyeji husema anayevuka daraja kuelekea Nairobi anaenda Kenya, na askari wa kizuizini huonekana kukubaliana nao.

Sasa tuzungumze kuhusu maporomoko. Mji wa Garissa uko kama mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, na bahari yenyewe iko mbali. Maji ili yaporomoke yanahitaji mahali pa kuporomokea. Hapa ukiweka mpira chini Jumatatu utaukuta palepale Ijumaa, isipokuwa mbuzi awe ameula.

Lakini si kweli kwamba Tana haina maporomoko. Inayo, ila yameajiriwa. Mto huu unatoka Mlima Kenya na Aberdare, na pale uliposhuka kwa kishindo ndipo serikali ilipojenga mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Maji yakishafanya kazi huko juu ndiyo yanayofika Garissa, yamechoka, yana rangi ya chai ya maziwa. Kwa miaka mingi mji uliwashiwa taa na jenereta za dizeli huku maji yaliyozalisha umeme wa Nairobi yakipita chini ya daraja lake. Ukitaka kumchangamsha mzee wa Garissa, mwulize kuhusu hilo, kisha uagize chai ya pili.

Jambo moja ulishike, na hili sikutanii. Usiamini anga. Jua linaweza kuwa linawaka, vumbi limejaa mdomoni, na mto ukafurika usiku huohuo, kwa sababu mvua imenyesha Murang'a na Nyeri na Masinga imejaa hadi kumwaga. Novemba 2023 barabara ya Madogo, ng'ambo ya daraja, ilikatika, watu wakavuka kwa boti. Aprili 2024 ikakatika tena, na boti moja ikapinduka Kona Punda, watu wakafa. Wakulima wa kando ya mto husikiliza redio kujua hali ya mabwawa. Wewe umepiga hema kwenye mchanga mweupe wa ukingoni kwa kuwa mandhari ni nzuri.

Mchanga huo, hata hivyo, una wenyewe. Mamba wa Tana hawajatengewa mbuga, na viboko hupanda mashambani jioni kutafuta matikiti. Usichote maji mahali ambapo huoni akina mama wakichota. Ukiwaona wamehama sehemu yao ya kawaida, hama nao, maswali utauliza baadaye.

Njia yako ya msituni utaiona kwenye ramani ya simu: mstari mwembamba unaokata mikoma na migunga hadi majini. Utafurahi kwamba kuna aliyekutengenezea. Hiyo ni malka, njia ya mifugo kwenda kunywa, na mwisho wa Jilaal ndipo inapotumika kuliko wakati wowote, maana mabwawa madogo ya bara yamekauka na kila mwenye ngamia anaelekea mtoni. Ngamia mwenye kiu hunywa lita 100 na zaidi kwa dakika chache. Ukikutana na kundi lake njiani, hakuna kanuni ya nani ampishe nani. Wewe ndiye unayepisha.

Utakutana na mchungaji pia. Atakutazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Warya, gari imeharibikia wapi?"

"Hapana, adeer. Natembea tu."

"Umepoteza mnyama?"

"Sijapoteza kitu."

Atanyamaza, atakuonea huruma, kisha atakupa maziwa ya ngamia. Yapokee kwa mkono wa kulia, shukuru, unywe kidogo. Kidogo! Tumbo lisiloyazoea huyapokea kwa namna yake, na baada ya saa chache utakuwa umeyapata maporomoko uliyoyafuata, nyuma ya kichaka, bila mwongozaji.

Kuhusu kichaka hicho: chunguza kwanza. Kuna uwezekano mkubwa ni mathenge, mti wa kigeni ulioletwa kuzuia jangwa na kutoa kuni, ukapandwa hata kwenye mradi wa umwagiliaji wa Bura, kisha ukajitwalia kingo za mto na malisho. Mwiba wake hutoboa gurudumu la gari, sembuse soli ya kiatu cha elfu kumi na tano. Mchungaji wako amevaa akala, yaani gurudumu lenyewe, na bado anauzunguka. Maganda ya mathenge ni matamu na huozesha meno ya mbuzi. Wailchamus wa Baringo waliwahi kufika mahakamani na mbuzi kibogoyo kama ushahidi. Ukitaka kuona msitu unaokua kwa kasi Kenya, ndio huo.

Wanyama wengine hawahitaji safari. Ngiri huzurura mjini mchana kweupe wakipekua takataka, kwani wanajua wako kwenye mji ambao hakuna atakayewafanya kitoweo. Twiga wako Bour-Algi, karibu na mji. Hirola, mmoja wa swala adimu zaidi duniani, utamtafuta mbali zaidi, Ishaqbini, ambako jamii ilimwekea uzio mwaka 2012. Huko huingii bila ruhusa ya wenyeji. Msitu wa Boni usiufikirie. Tangu 2015 ni uwanja wa operesheni ya kijeshi, na Waaweer wanaoishi humo wana shida za kutosha bila wewe kupotea.

Tembea baada ya Alfajiri hadi saa tatu, kisha kaa kivulini kama watu wenye akili. Na kama ni Ramadhani, ambayo miaka hii imeangukia humuhumu kwenye Jilaal, usipite sokoni ukinyonya maji kwa mrija ulioning'inia begani.

Bado unataka maporomoko? Basi yapo ya kweli, juu ya mto huuhuu: Adamson's Falls, mpakani mwa Meru na Kora, ambako Tana hupita kwenye miamba iliyochongwa na maji. Yana jina la George Adamson, mzee wa simba aliyeishi Kora tangu 1970 hadi alipopigwa risasi Agosti 20, 1989. Yafikie kupitia Mbuga ya Meru, lipa kiingilio cha shirika la wanyamapori, KWS, nenda na askari wa wanyamapori, na usiogelee.