Ratiba ya Mapumziko

Wazo lilizaliwa Februari, mwezi ambao Dar es Salaam feni huzungusha joto lile lile tu. Mwenzetu mmoja akaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Jamani, twendeni Lushoto tukapumzike." Kabla ya adhuhuri tulikuwa na Mwenyekiti, Katibu na Mhazini. Sijui Watanzania tukoje. Tukikusanyika sita kwenye sahani ya mihogo, tunaunda kamati.

Mwenyekiti akatuma ratiba ya Jumamosi. Saa 12:00 kuamka. Saa 12:30 mazoezi ya viungo. Saa 1:00 chai. Saa 2:00 hadi saa 3:00 kupumzika, bila simu. Mapumziko yenyewe, yaliyotutoa majumbani, yalipewa saa moja na msimamizi.

Kisha ukaja mchango, na wote mnajua mambo ya michango. "Nitatuma jioni" ikawa salamu. Fedha zilitimia Julai, na Julai milima ya Usambara haina utani na mtu. Lakini kwa kuwa wazo lilikuwa la Februari, nguo zilizofungashwa zilikuwa za Februari: kaptula, sendo, na miwani ya jua ya kila aina.

Mombo kulikuwa na joto la kutosha kututia moyo. Pale unaiacha barabara kuu ya Moshi, unaanza kupanda kona baada ya kona, huku genge, kule mwamba, kama kilomita 33 hadi Lushoto mjini. Hatujafika hata Soni, gari letu la kukodi likachemsha. Boneti ikafunguliwa, na wanaume wote tukashuka kwenda kuinama juu ya injini. Hakuna hata mmoja aliyekuwa fundi, lakini mwanaume habaki kwenye kiti boneti ikiwa wazi. Unainama, unaguna, unagusa mpira mmoja, unaungua, unasema, "Ni rejeta hii."

Saa ya Mwenyekiti ilionyesha saa 10:00, na ratiba ilisema saa 10:00 ni historia ya eneo. Akatusomea pale pale ukingoni, kutoka kwenye simu, moshi ukifuka nyuma yake. Kwamba Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, wakaufanya mahali pa kukimbia joto na malaria ya pwani. Kwamba ofisa wao, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta ua dogo la zambarau katika milima ya Usambara, akalipeleka kwao, na mwaka 1893 wataalamu wakalipa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Leo linapandwa kwenye vyungu madirishani kote Ulaya. Mtoto mmoja aliyekuwa anapita na dumu la maji kichwani akasimama kusikiliza. Kisha akauliza, "Mnafanya nini hapa?" Katibu akamjibu kwamba tunapumzika. Mtoto akatutazama, akaitazama injini, akatuachia dumu.

Usiku baridi ilitushukia bila hodi. Wenyeji walikuwa na makoti na kofia za sufu. Sisi tulikuwa na miwani ya jua. Dada mmoja alivaa magauni yake yote ya kupigia picha kwa pamoja, la maua juu ya la mistari, na soksi mikononi. Ratiba ya viungo ilifia kitandani. Asubuhi tulipoulizia maji ya moto ya kuoga, mhudumu alisema yapo. Yalikuwapo kweli, jikoni, na makande yalikuwa yanaivia humo.

Siku hiyo hiyo tukaagiza kuku wa kienyeji. "Yupo?" "Yupo." Jibu la kweli kabisa: alikuwapo, nyuma ya migomba, mzima wa afya, na hakuwa na taarifa. Mhudumu alipoanza kumkimbiza, Mwenyekiti aliangalia saa, akaona chakula cha mchana kinachelewa, akavua sendo akaingia mchezoni. Kuku aliliwa saa 10:00. Sehemu aliyopewa Mwenyekiti aliitafuna kwa chuki.

Kabla ya kuku tulikuwa tumekwenda Irente, kwenye mwamba ambao ukisimama juu yake, siku ya anga safi, unaiona Mombo chini kabisa na tambarare za Umasaini zikienda hadi macho yachoke. Kijana aliyetuongoza alisema ni hapo tu. Mtu aliyezaliwa mlimani akikwambia hapo tu, kunywa maji kwanza. Njiani bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni alitupita akipanda, akatupita tena akishuka kufuata mzigo wa pili. "Poleni wajukuu, mnaumwa?" Mhazini, aliyekuwa nyuma akikokotoa matumizi, alishika tawi lenye kinyonga wa pembe tatu, ni hapo tu alipotutangulia, tena kwa mbali. Tulipofika mwambani, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Tulipiga picha nyingi sana mbele ya weupe ule. Ukizitazama, utadhani tuko Sinza mbele ya shuka la mpiga picha.

Jumapili, sokoni, wote akili zilituruka. Kabichi kwa bei ile? Karoti, viazi, hoho, plamsi, kila mtu alinunua kana kwamba Dar kuna njaa. Tulirudi tumepakatana magunia, magoti yamegusa videvu, na aliyekaa nyuma hatukumwona tena hadi Mombo, tuliposhusha baadhi ya mizigo ili damu itembee.

Basi moja kutoka Arusha lilikuwa limesimama kwa chakula. Mama mmoja akachungulia dirishani, akatuona tumesimama kando ya magunia, vilemba vichwani, matope hadi magotini.

"Mdogo wangu, kabichi shilingi ngapi?"

Mwenyekiti alivuta pumzi kueleza kwamba sisi ni watalii wa ndani, tuko kwenye mapumziko. Hakupata nafasi. Mhazini alikuwa ameshafika chini ya dirisha, kabichi mkono huu, kabichi mkono ule, anataja bei.