Mshahara Wangu Umetundikwa Ukutani

Jirani, mpwa akija kusoma Dar muulize kwanza anasomea nini. Akisema uhasibu, mpokee. Akisema ualimu, mpokee, tena mpe chumba chenye dirisha. Akisema anasomea mambo ya sanaa shirikishi na kuchora data kwa kompyuta, mwambie nyumba imejaa. Mimi sikuuliza. Dada alipiga simu, mtoto nakuletea huyo, nikasema mlete. Dogo kaja na begi moja la nguo na maboksi matatu ya waya. Hilo begi la nguo ndilo lilikuwa jepesi.

Mimi sanaa niijuayo ni Tingatinga. Unachora tembo, unachora twiga shingo kaipinda, mtalii anapita, anatoa hela, maisha yanaenda. Nikamwambia hivyo hivyo. Akacheka kwa adabu, ile ya kuziba mdomo na kiganja. "Anko, hii ni sanaa inayobadilika mtu akisogea. Bila mtu kusimama mbele yake haijakamilika." Nikamwambia basi na mimi ni msanii, maana nikisimama tu mbele ya duka Mangi anabadilika sura. Hakucheka. Alitoa kidaftari akaandika. Sijui kwa nini sikushtuka.

Sebule ikaondoka hivyo. Kochi likasukumwa ukutani, meza ikajaa nyaya, mke wangu akawa anaandaa ugali kwenye mkeka. Televisheni ambayo bado nadaiwa ikageuzwa kioo cha kompyuta. Wenzangu wanaangalia taarifa ya habari, mimi naangalia duara. Duara jekundu linavimba, linasinyaa, linavimba tena. Nauliza hili duara linasema nini. Naambiwa bado halijasema kitu, anko, najaribu tu. Programu yenyewe inaitwa Processing. Eti iliundwa mwaka 2001 na vijana wawili wa chuo kule Marekani, Casey Reas na Ben Fry, ili wasanii nao waweze kuandika programu. Nikauliza na hao walikuwa wanakaa kwa mjomba wao? Hajui. Halafu anajisifu kwamba programu ni ya bure. Programu ya bure! Luku nayo ni ya bure?

Akatoa kibao cha bluu, kidogo, kinaingia mfuko wa shati. Arduino hiyo. Hiki ndicho ubongo, anasema, unakiandikia maagizo, kinawasha taa, kinazungusha mota, kinapima. Jina wamelitoa kwenye baa. Nikakaa sawa. Baa? Ndiyo anko, Ivrea, Italia, waanzilishi walikuwa wanakutana kwenye baa yenye jina la mfalme wa zamani, 2005 wakatoa hiki kibao. Jirani, niliumia. Waitaliano wamekaa baa wakatoka na kompyuta. Mimi nimekaa baa ujana wangu wote, nimetoka na deni la supu.

Kwenye kile kibao akachomeka kidude chenye macho mawili ya mviringo, kakinunua Kariakoo. Kila kikinitazama naona aibu. Jicho moja linapiga kelele, la pili linasikiliza. Kelele yenyewe huisikii. Sikio la mtu linakomea mitetemo 20,000 kwa sekunde, hilo dude linapiga 40,000. Sauti inakwenda, inagonga kitu, inarudi. Kinahesabu muda, kinajua sauti inakimbia mita kama 340 kwa sekunde, kinagawa kwa mbili kwa sababu imekwenda na kurudi, basi kimeshajua uko umbali gani. Hata giza halikizuii. Popo anafanya hivyo hivyo, akasema. Nikamwambia popo hajawahi kuniwekea kochi ukutani.

Sasa kupima kunahitaji mtu, na mtu wa bure ndani ya nyumba ni nani? Natoka kazini, soksi sijavua. "Anko simama hapo. Rudi nyuma. Njoo. Polepole. Simama." Mtu mzima na kipara chake, naenda mbele, narudi nyuma. Watoto wa jirani wako dirishani wanakula maandazi wananitazama. Dogo anasoma namba, anakunja uso. "Anko, kuna tatizo. Nataka nipime kifua lakini kitambi ndicho kinachofika kwanza." Mke wangu jikoni akaangua kicheko mpaka mwiko ukadondoka. Dogo akaandika kwenye kidaftari.

Mashine ikakaa sawa. Kilichobaki ni hiyo data yenyewe. Mimi nikatoa ushauri wa maana kabisa. Nikamwambia chora mafuriko. Jangwani pale mvua ikinyesha daladala zinakuwa ngalawa, nchi nzima inajua. Akasema hiyo kazi kaka zake wameshaifanya. Mradi wa Ramani Huria, 2015, wanafunzi wa vyuo vya Ardhi na Mlimani walipita mitaa ya mabondeni pamoja na wenyeji, wakaweka nyumba na mitaro kwenye ramani, ili maji yakija ijulikane yanapitia wapi. Kazi hiyo naielewa. Ina faida, ina mitaro. Yeye hataki. Anataka kitu kidogo, cha mtu mmoja, cha ndani.

Akanionyesha kina dada wawili, Giorgia Lupi wa New York na Stefanie Posavec wa London. Mwaka mzima, kila wiki, walitumiana kadi za posta. Hawaandiki habari za nyumbani, wanachora data. Wiki hii nimeangalia saa mara ngapi, wiki ile nimelalamika mara ngapi. Kila lalamiko alama yake, kila alama rangi yake. Jumba la makumbusho ya sanaa la New York, MoMA, limezichukua zile kadi. Nikaona mwanga wa riziki. Kama malalamiko yananunuliwa, dogo, chukua karatasi kubwa tukae!

Akasema hapana, anko, nipe simu.

Nikampa, nilijua anataka hotspoti. Akauliza kama anaweza kutumia meseji zangu. Nikasema tumia tu, bando la wiki hilo, linaisha Jumapili. Jirani, mtoto alikuwa anaomba zile meseji za miamala. Umepokea kiasi fulani, umetuma kiasi fulani, salio lako ni huzuni. Za miezi mingi, moja moja, akazipanga kwenye jedwali.

Siku aliyonionyesha alianza kwa hila. Kwanza akafungua picha ya zamani. Mzee wa Kifaransa, injinia, Charles Joseph Minard, aliichora 1869 akiwa tayari ni babu. Jeshi la Napoleon linakwenda Urusi mwaka 1812. Upande wa kushoto utepe mnene, watu 422,000. Unakwenda kulia, unakonda. Wanafika Moscow, utepe haufiki hata nusu. Wanageuza kurudi, sasa ni mstari mweusi, unakonda, unakonda, wakivuka mto wanapungua tena, mwisho wanatoka 10,000. Uzi. Chini kachora joto linavyozidi kushuka. Hakuna damu, hakuna bunduki, hakuna mtu anayelia. Nilikaa kimya, nikasema masikini, watoto wa watu.

Dogo akasema, "Sasa anko, angalia mshahara wako."

Ni ile ile! Tarehe 25 unaingia mto wa bluu, mpana, unapendeza, mtu unaweza kuvua samaki. Haujafika hata sentimita mbili, mkopo umekata kipande. Kodi ya nyumba imekata. Ada. Mangi, kijito cha rangi ya machungwa. Yule mama wa mikopo ya kausha damu, kijito chekundu ambacho, sijui kwa hesabu gani, kinatoka kinene kuliko kilivyoingia. Tarehe 2 mto unaweza kuuruka. Tarehe 9 ni uzi. Kuanzia hapo rangi inabadilika kuwa nyeusi, hiyo ni hela ya kukopa, inatembea kwa kutambaa mpaka tarehe 25 nyingine. Na chini, pale Mfaransa alipoweka baridi, mtoto wa dada yangu kaweka mboga. Nyama. Samaki. Dagaa. Tembele. Tembele. Tembele. Tarehe 22, chini kabisa, kaandika "chai ya rangi". Mke wangu ndiye aliyempa takwimu za mboga. Walikuwa wote.

Ila kilichonitoa jasho si mboga. Kilikuwepo kijito cha rangi ya tope, kinachomoka kila Jumamosi. Hakikosi. Hata wiki ya chai ya rangi kipo. Dogo kakiandika "Nyinginezo". Mke wangu nilishamwambia hiyo ni michango ya harusi za wafanyakazi wenzangu. Kwa hesabu yake ofisi yetu imeshaoa yote, imebaki mashine ya fotokopi. Ukweli, jirani, wewe ni mwanaume mwenzangu, unaujua. Ni mikeka ya kubeti. Timu saba, sita zinashinda, ya saba inasawazishiwa dakika za nyongeza.

Nikamwambia dogo hii picha haitoki humu ndani. Akasema usijali, nimekuficha, jina sijaandika. Kaandika nini? "Mshahara wa Mtu Mmoja, Mabibo". Nikang'aka. Akaniletea msomi mwingine. Du Bois, Mmarekani mweusi, profesa Atlanta. Mwaka 1900 yeye na wanafunzi wake walichora kwa mkono, wino na rangi za maji, maisha ya watu weusi Marekani, zikapelekwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris, Wazungu wakasoma wenyewe ukutani. Mojawapo inaonyesha mapato na matumizi ya familia 150 za Atlanta. Kodi, chakula, nguo, ushuru, na mwisho nyinginezo. Unaona? nikamwambia. Hata wao walikuwa na nyinginezo na hakuna aliyewauliza! Halafu familia 150, dogo. Mtu ukiwa na wenzako 149 nani atakujua? Mimi niko peke yangu, na Mabibo umeitaja.

Basi siku ya maonyesho ya chuo ikafika. Mke wangu kitenge kipya, sijui kilitoka kijito gani. Mangi kafunga duka, kaja. Mama wa kausha damu kaja na wanawe. Mimi nikavaa shati jeupe, nikalipiga pasi mwenyewe mpaka kola ikasimama. Nikapanga nikae nyuma kabisa, karibu na maji ya kunywa.

Ukumbi wa giza, projekta kwenye dari nyuma ya watu, mto wangu umejaa ukuta mzima. Kile kidude cha macho mawili kimefungwa ukutani chini ya picha, usawa wa kitambi cha mtu yeyote mwenye kitambi. Ukiwa mita tatu unaona mto tu, mzuri, unatiririka, dogo kautia na sauti ya maji. Watu wanasema woo. Mita mbili, vijito vinatoa majina. Ukivuka mita moja kila muamala unafunguka, tarehe, saa, kiasi, na kusudi. Nilikuwa sijui kuhusu kusudi.

Mke wangu akaanza kutembea. Hana haraka. Mkoba mkononi. Mita tatu. Mbili na nusu. Anaelekea upande wa tope. Nyinginezo, ikaandika. Akainamisha kichwa. Akanyanyua mguu.

Jirani, nilikimbia. Nilipita katikati ya wahadhiri, nikamwaga maji ya mtu, nikafika ukutani kabla yake, nikatanua mikono, nikaufunika ule mto kwa mwili wangu wote. Kifua kimekaribia kugusa ukuta. Nikashusha pumzi. Nimewahi.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Sikuelewa. Kidude hakijui nani ni nani, kinasoma kilicho karibu, na kilicho karibu, sentimita chache, kilikuwa kitambi changu. Kikafungua kila kitu. Na projekta iko nyuma. Kila kitu kikatua mgongoni kwangu, kwenye shati jeupe, maandishi makubwa yanasomeka mpaka mlangoni. Jumamosi, saa 9 alasiri, 5,000, mkeka. Jumamosi, saa 8 mchana, 10,000, mkeka. Nikasikia watoto wa kausha damu wanasoma kwa sauti, wanajifunza tarakimu.

Nikasikia na sauti ya mke wangu nyuma yangu, tulivu sana.

"Baba, inua mkono kidogo. Hapo kwapani sijamaliza."

Nikainua.

Mhadhiri ndiye wa kwanza kupiga makofi. Akapiga kwa nguvu, wengine wakafuata. Kumbe alidhani ni sehemu ya kazi, mwili wa mwenye deni kuwa karatasi ya deni, sijui nini. Akanishika mkono, akaniuliza nimesomea maigizo wapi. Dogo, mtoto wa dada yangu, niliyemfungulia mlango, akaitikia kwamba ndiyo, tulifanya mazoezi nyumbani. Kapata alama za juu kuliko wenzake wote. Kwenye daladala mke wangu hakusema neno mpaka Mabibo. Siku hizi kila Jumamosi ananiuliza nani anaoa.

Na bado hujasikia la Mangi. Kaja nyumbani na daftari la madeni chini ya kwapa, kamuomba dogo amtengenezee kitu dukani. Hataki mto wala rangi. Anataka kidude cha macho mawili karibu na kidirisha, mwenye deni akipita kiwashe taa. Dogo akamwambia kidude kinajua umbali tu, hakimjui mtu. Mangi akanitazama, akashusha macho mpaka kwenye mkanda, akasema huyu anajulikana kwa umbali.

Sasa nyaya zimerudi mezani. Dogo ananiita barazani, nisimame ubavu, halafu nigeuke.