Uhalisia, Kama Ninavyouona Mimi

Mgeni rasmi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, ingawa mshereheshaji ameusoma wasifu wangu kwa pumzi moja na kuziruka tuzo nilizojitunuku mwenyewe.

Somo la leo ni uchoraji halisi wa sura za watu wa kale wa magharibi ya Marekani, enzi za walowezi. Mabingwa wa fani hii tu wachache duniani. Kwa unyenyekevu, wengine sitawataja.

Mchoro wa kwanza: Daniel Boone, mwindaji wa Kentucky. Penseli tupu! Tazameni kofia hii ya ngozi ya rakuni, mkia unavyoning'inia mgongoni. Unywele mmoja mmoja! Makofi, tafadhali.

Nani huyo anayenyoosha mkono? Eti Boone hakuzipenda kofia hizo, alivaa pama? Kijana, kwani ulikuwepo? Aha, mchoraji Chester Harding alikuwepo. Alimfuata Missouri mwaka 1820, akamkuta kibandani akijichomea mnofu wa mawindo aliouzungushia kwenye mdeki wa bunduki. Picha pekee ya mzee huyo iliyochorwa akiwa hai, miezi michache kabla ya kufa na miaka yake 85. Vyema, umesoma. Lakini alikuwa dhaifu hata ikabidi rafiki amshikilie kichwa! Huo nao ni uhalisia? Boone wangu ana shingo. Wanaonifahamu watakuwa wameshaitambua, pamoja na pua. Msanii mwenye kioo hahangaiki kutafuta mfano.

Wa pili ni Mato-Tope, mmoja wa wakuu wa kabila la Wamandan. Alichorwa na George Catlin, wakili aliyeacha uwakili, akapanda Mto Missouri kwa meli ya mvuke mwaka 1832, akakaa nao kijijini mwao. Mwaka 1837 ndui iliingia, ikawafagia karibu wote, na Mato-Tope mwenyewe akiwemo. Nyuso zile zikabaki kwenye turubai... Nami nilikusudia safari kama ya Catlin, ila tumbo langu na vyombo vya majini haviivi. Kivuko cha Kigamboni tu hunilaza siku nzima! Daktari alinishauri tangawizi. Nilikuwa nasema nini? Naam, pua. Hata Mato-Tope nimempa ileile, imemkaa vizuri.

Sasa lulu yangu: Sacagawea, binti wa Kishoshone aliyeandamana na wavumbuzi Lewis na Clark hadi Bahari ya Pasifiki mwaka 1805, mtoto mchanga mgongoni. Hii ndiyo sura yake hasa, kope kwa kope.

Kijana, wewe tena? Hakuna aliyemchora akiwa hai? Barabara! Ndiyo maana hakuna anayeweza kunikosoa.

Hicho juu ya mdomo ni kivuli, mama, si masharubu.

Muda umekwisha, naona mshereheshaji anakonyeza. Anayetaka kuchorwa aache jina na malipo ya awali pale mlangoni. Kuja mwenyewe si lazima.